Nani Amemtuma? Somo kuhusu Wanyama Wanaotushangaza



Miaka michache iliyopita nilihudhuria kikao cha wananchi katika sekta moja iliyo chini ya milima ya Volkano, mahali ambapo mtu akisimama mlangoni pake asubuhi huona ardhi ya nchi mbili bila kugeuza shingo. Tulikuwa tumekwenda kuzungumzia magendo na usalama wa njia za mpakani. Tulipokaribia kumaliza, mzee mmoja alisimama, akavua kofia, akasema: "Afande, mimi sina habari za magendo. Mimi nina nyati. Amepita mashamba matatu ya jirani zangu bila kugusa jani, akaja kula viazi vyangu. Juma lililofuata akarudi, akapita palepale, akala vyangu tena. Naomba Polisi wanisaidie kumjua aliyemtuma."

Watu hawakucheka, na hilo ndilo lililonishtua. Wengine waligeuza macho polepole kuelekea kona aliyoketi mama mmoja mjane, mwenye shamba mojawapo kati ya yale matatu. Mama yule akainamisha kichwa. Papo hapo nikafahamu kwamba tumetoka katika habari ya nyati na kuingia katika habari nyingine, ile ambayo sisi askari huitwa kuishughulikia usiku, wakati nyumba ya mtu imekwisha kupigwa mawe.

Nilimjibu mzee kwa haraka. Nilimwambia kwamba sheria haitambui kutumwa kwa mnyama, na kwamba kumshutumu mtu kwa jambo asiloweza kuthibitishiwa ni kosa. Jibu hilo lilikuwa sahihi, lakini halikumfaa kitu. Mzee aliketi na swali lake mkononi, na mama yule aliondoka kabla ya kikao kwisha.

Somo hili ndilo jibu nililopaswa kumpa siku ile. Limeandikwa kwa Kiswahili ili jirani zetu wa ng'ambo, wa Uganda, wa Kongo na wa Tanzania, walisome pamoja nasi, kwa kuwa wanyama tutakaowataja humu hawakuomba hati ya kusafiria.

Simba wa Njombe na amri iliyopigwa muhuri

Imani ya mnyama aliyetumwa si ya kijiji kimoja wala ya kabila moja. Mfano mzito kuliko yote ninayoifahamu uko Njombe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Kati ya miaka ya 1932 na 1947 kundi la simba liliwala watu katika vijiji vya huko, likihama kutoka kijiji hadi kijiji na kushambulia hata mchana, kinyume cha desturi ya simba tunaowajua. Wananchi wengi waliamini kwamba simba wale waliongozwa na mganga. Hofu hiyo iliwafunga vinywa: walikataa hata kuwataja simba kwa jina, sembuse kumwonyesha bwana nyama walikopita. Kwa njia hiyo simba walipata ulinzi ambao hakuna msitu ungeweza kuwapa, nao ni ukimya wa watu waliokuwa wakiliwa.

Bwana nyama aliyewamaliza, George Rushby, pamoja na askari wake, waliua simba wapatao 15. Lakini alipotafuta chanzo, alikikuta mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikipambana na sotoka, ugonjwa uliokuwa ukiangamiza ng'ombe. Ili sotoka isienee kuelekea kusini, iliamuru wanyama wa porini wapunguzwe kwa bunduki katika ukanda ule. Nyati, pofu na swala wakatoweka, simba wakabaki bila mawindo, na mawindo yaliyosalia yalikuwa sisi.

Kwa hiyo, kwa maana moja, wananchi wa Njombe hawakukosea kabisa. Palikuwa na mkono wa binadamu nyuma ya simba wale. Ila haukuwa mkono wa mganga. Ulikuwa mkono wa mtu aliyepiga muhuri karatasi ofisini, akaenda zake kula chakula cha mchana.

Tangu niliposoma habari hiyo nimejizoeza, kila ninapoletewa tukio la mnyama lisiloeleweka, kuliacha swali la nani amemtuma na kuuliza mengine: mnyama huyu anatafuta nini, ni kitu gani kimebadilika hapa, na tabia hii alijifunzia wapi? Swali hili la mwisho ndilo linalonileta kwa tembo ambaye Wanyarwanda wengi wa rika langu walimjua kwa jina.

Tembo aliyeitwa chifu

Mutware, kwa Kinyarwanda, maana yake ni chifu. Ndilo jina alilopewa tembo dume mmoja wa Hifadhi ya Taifa ya Akagera. Sifa yake kubwa ilikuwa kuyaendea magari. Tembo wengine husikia gari wakajiondokea. Mutware alilifuata, akalisukuma, akaliponda, na magari aliyoyaharibu katika maisha yake ni mengi. Yalisimuliwa mengi juu yake: kwamba ana kisasi, kwamba si tembo wa kawaida, kwamba ndani yake mna mtu.

Ukitaka kumwelewa, anza Bugesera, huko huko ambako leo panajengwa uwanja mpya wa ndege. Katika miaka ya 1970 watu wengi walihamia Bugesera kutafuta ardhi ya kulima, na tembo wa huko wakawa wanavamia mashamba. Mwaka 1975 uamuzi ukatolewa wa kuwaondoa. Tembo wakubwa hawangeweza kusafirishwa kwa vifaa vya wakati ule, kwa hiyo wakauawa. Wadogo 26 walichukuliwa, wakapelekwa Akagera. Mutware alikuwa mmoja wao. Tembo wengi wa Akagera tunaowaona leo ni uzao wa watoto wale yatima.

Fikiri sasa ni shule gani aliyosoma. Mtoto wa tembo hukaa na mama, bibi na shangazi zake kwa miaka mingi, na dume kijana hujifunza adabu kwa madume wazee, kwa kuwaogopa na kuwafuata. Watoto 26 walifika Akagera bila mzee hata mmoja, na watu wa mwisho waliowaona nyumbani kwao walikuwa wale waliowaua mama zao.

Jambo hili si dhana tu. Afrika Kusini walilithibitisha bila kukusudia. Katika hifadhi ya Pilanesberg walikuwa wamepeleka tembo vijana yatima kutoka Kruger. Walipobalehe, madume yale yalianza kuwaua faru. Kati ya mwaka 1992 na 1997 faru weupe zaidi ya 40 waliuawa na tembo, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelizoea. Mwaka 1998 hifadhi ikaletewa madume sita ya makamo kutoka Kruger. Hawakufanya lolote la ajabu. Walikuwepo tu, wakubwa kwa umbo na kwa umri. Vijana wakatulia na mauaji ya faru yakakoma. Sisi tunaofanya kazi ya polisi katika mitaa yenye vijana wasio na baba tunaelewa habari hii bila kufafanuliwa zaidi.

Mutware alikufa kifo cha kawaida mwezi Septemba mwaka 2018, akikadiriwa kuwa na umri wa miaka 48. Waliokuwa wakimkimbia ndio walioomboleza.

Niongeze jambo moja kuhusu kumbukumbu ya tembo, kwa ajili ya wasomaji walio upande wa Tanzania ambako mto ndio uzio pekee. Watafiti waliokuwa Amboseli, nchini Kenya, walitangaza mwaka 2014 kwamba tembo waliposikilizishwa sauti za watu zilizorekodiwa, walitofautisha sauti ya mwanamume wa Kimaasai, ambaye huenda ana mkuki, na ya mwanamume wa Kikamba, mkulima. Walitofautisha pia sauti za wanaume na za wanawake na watoto. Waliposikia ile ya kwanza walijikusanya na kurudi nyuma. Wale wengine hawakuwahofia sana. Kwa hiyo tembo "anayemchukia" mtu fulani kijijini huenda anakumbuka kweli, ama mtu huyo, ama mwingine wa lugha yake. Kijiji kilichomrushia tembo mkuki mwaka huu kisishangae mwaka ujao.

Watoto wa gorila na kitanzi

Turudi milimani. Mwezi Julai mwaka 2012, wafanyakazi wa kituo cha Karisoke walikuwa wakilifuatilia kundi la gorila liitwalo Kuryama katika Hifadhi ya Taifa ya Volkano. Siku chache kabla, gorila mdogo wa kundi hilo, Ngwino, alikuwa amenaswa kitanzini na kufa kwa majeraha. Mfuatiliaji mmoja akaona mtego mwingine karibu na kundi, akasogea ili auondoe. Dume mmoja, Vubu, akamgunia: usikaribie. Mfuatiliaji akasimama.

Hapo watoto wawili wenye umri wa miaka minne hivi, Rwema, dume, na Dukore, jike, wakaukimbilia mtego ule. Ili uelewe walichofanya, kumbuka jinsi mtego wenyewe unavyotegwa: tawi au mwanzi hupindwa chini kwa kamba, kitanzi kikalazwa ardhini na kufichwa kwa majani, mnyama akikanyaga, tawi hufyatuka na kitanzi hukaza. Rwema alilirukia tawi lililopindwa akalivunja. Dukore akakilegeza kitanzi. Kisha wakauona mtego wa pili, ambao hata mfuatiliaji hakuwa ameuona, wakauharibu nao, safari hii wakisaidiwa na mwenzao aitwaye Tetero.

Wapo watakaosema gorila wale waliongozwa na roho ya Ngwino. Mimi sitabishana na mtu anayeomboleza. Ila jibu la swali letu, alijifunzia wapi, lipo wazi. Gorila wa kundi lile walikuwa wameishi miaka mingi kati ya vitanzi, na kasi ya watoto wale iliwafanya watafiti waamini kwamba haikuwa mara yao ya kwanza. Walifundishwa na mitego yenyewe, yaani na watu walioitega, na baadhi ya watu hao wanakaa katika vijiji vinavyopokea jarida hili.

Mtegaji akikamatwa husema daima: "Sikuwa nikitafuta gorila, nilitafuta kitoweo." Namwamini. Mitego mingi hutegwa kwa ajili ya pongo na swala wengine wadogo. Lakini kitanzi hakiulizi jina, na ndicho kilichomuua Ngwino.

Magome ya mkaratusi

Jambo jingine ambalo wakulima wa Musanze wamelilalamikia ni gorila wanaovuka ukuta wa hifadhi, wakaingia katika mikaratusi na kuimenya magome. Gorila hali viazi vyako vilivyo pembeni, anakwenda kwenye mti usio na tunda, anauchuna ngozi, na mti unaweza kukauka. Ni nani asiyeona ubaya katika kitendo hicho? Mtu hupanda mikaratusi ili auze nguzo, alipe karo.

Wachunguzi waliupima mti ule. Magome ya mkaratusi yana chumvichumvi, yaani madini ya sodiamu, kwa wingi kuliko vyakula vingi ambavyo gorila hula msituni. Gorila anakwenda kwenye mkaratusi kama ng'ombe wako anavyokwenda kwenye jiwe la chumvi. Hakuna ubaya wala ujumbe. Jambo la hatari katika ziara hizi halitokani na gorila, bali na sisi tunaomzunguka kumtazama na kumpiga picha kwa simu, watoto wakiwa mbele. Magonjwa yetu ya kifua humpata. Mwaka 2009 kundi la Hirwa, hapa hapa Rwanda, lilipatwa na ugonjwa wa mapafu, na virusi vya binadamu vikakutwa katika miili ya wawili waliokufa, mama mmoja na mtoto mchanga. Ndiyo sababu mtalii, hata awe amelipa dola 1,500, huamriwa asimkaribie gorila. Amri hiyo inamhusu pia mwenye shamba.

Waliovuka mpaka

Hirwa kwa Kinyarwanda ni jina la mwenye bahati. Mwezi Agosti mwaka 2019 kundi hilo, likiwa na gorila 17, lilivuka kutoka Rwanda na kuingia Hifadhi ya Mgahinga, Uganda. Hakuna aliyelifukuza kwa uhasama. Gorila hufuata chakula na nafasi, na milima ya Virunga kwao ni nyumba moja yenye vyumba vitatu. Tarehe 3 Februari 2020, wanne kati yao walikutwa wamekufa: majike watatu, mmoja akiwa na mimba, na dume mdogo. Miili yao ilikuwa na alama za kuungua. Hapakuwa na risasi, wala kitanzi, wala sumu.

Nawaomba mfikiri kidogo jinsi habari kama hiyo ingeweza kusambaa wakati ule. Uhusiano wa mpakani ulikuwa mgumu. Mpaka wa Gatuna ulikuwa umefungwa tangu Februari 2019. Wanyama wanaohesabika kuwa wa Rwanda wanakufa kwa pamoja wakiwa Uganda. Mtu mwenye simu na chuki angemaliza kazi kwa dakika moja. Badala yake, walioshughulikia tukio walikuwa madaktari wa wanyama waliopasua miili na kuichunguza, kupitia ushirikiano wa Virunga Kuu unaoziunganisha Kongo, Rwanda na Uganda, wenye makao yake hapa Kigali. Walisema kilichoonekana: radi. Gorila walikuwa katika eneo la wazi mvua ikinyesha. Mengi yasiyoeleweka yanaweza kusubiri uchunguzi wa siku chache, ikiwa watu watakubali kukaa bila jibu kwa siku hizo chache.

Mwezi Juni wa mwaka huo huo, huko Bwindi, Uganda, dume aliyeitwa Rafiki, kiongozi wa kundi la Nkuringo, alikutwa amechomwa kwa kitu chenye ncha kali. Mwindaji aliyekamatwa alieleza kwamba walikuwa wakiwinda wanyama wadogo, gorila akawajia, naye akajitetea kwa mkuki. Huenda alisema kweli kuhusu hofu yake. Mtu aliyeendewa na dume la gorila hasahau. Mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 11. Nataja hukumu hiyo kwa ajili ya vijana wanaoingia msituni na mbwa na mkuki kwa mawazo kwamba sungura ni jambo dogo. Anayekutana na mnyama mkubwa ndani ya hifadhi bila ruhusa, hata akisema alijitetea, ataulizwa kwanza alikuwa akitafuta nini mle.

Viazi vya mzee

Wiki tatu baada ya kikao kile nilirudi kwa mzee, safari hii pamoja na askari mmoja wa hifadhi na kiongozi wa kijiji. Tuliomba atuonyeshe njia ya nyati. Alituongoza kwa uhakika, maana nyayo za nyati hazihitaji mtaalamu.

Tulipita shamba la kwanza, tukapita la pili, tukapita la tatu ambalo ni la mama yule. Askari wa hifadhi alisimama, akachuma ua jeupe lenye moyo wa njano, akaninyoshea. Pareto. Mashamba yote matatu yalikuwa na pareto, zao lililopandwa katika miteremko ile tangu hifadhi ilipopunguzwa miaka ya 1960 ili kulipatia ardhi. Pareto ni dawa ya kuulia wadudu, na nyati hailambi. Shamba la mzee ndilo la kwanza kwenye njia ile kuwa na viazi, tena vilivyopandwa hadi kwenye mguu wa ukuta wa mawe.

Siku ya kikao nilikuwa nimezungumza dakika nyingi juu ya sheria na kashfa. Sikumuuliza mzee swali ambalo mtoto wa mkulima angeuliza: jirani zako wamepanda nini?

Lilibaki swali la ukuta. Mnaoishi huko mnaujua ukuta wa nyati, ule wa mawe ya volkano usio na saruji unaofuata mpaka wa hifadhi kwa kilomita zaidi ya 70. Pale nyati alipopita, mawe yalikuwa yameporomoka upana wa mlango. Lakini hayakuporomoshwa na nyati. Yalikuwa yamepangwa pembeni vizuri, na ardhi ya katikati ilikuwa imekanyagwa ikawa ngumu. Ilikuwa njia ya watu wanaoingia kuchota maji na kukata mianzi. Kiongozi wa kijiji alitazama chini. Mzee alitazama milima. Kisha mzee akasema, kwa sauti ndogo, kwamba wajukuu wake nao hupita pale.

Pengo lilizibwa katika umuganda wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Kuhusu viazi vilivyoliwa, mzee alielezwa kwamba tangu mwaka 2011 Rwanda ina sheria ya fidia kwa madhara yaletwayo na wanyama, na kwamba Mfuko Maalumu wa Dhamana ndio unaolipa. Hakuwa amedai chochote. Alikuwa amekwisha kuling'oa shamba lote na kupanda upya, na hivyo kufuta ushahidi wake mwenyewe. Hapa naomba msomaji asome polepole: mnyama akiharibu mazao, akiua mfugo au akimjeruhi mtu, mjulishe kiongozi wa kijiji na wa seli siku hiyo hiyo, acha nyayo na mabaki yaonekane, piga picha, na usipande juu yake kabla uharibifu haujathibitishwa. Madai mengi hufa kwa sababu ya jembe la mwenyewe.

Mama yule nilimkuta akipalilia. Nilimweleza tulichokiona. Alisikiliza, akaniuliza kama nitayasema hayo mbele ya watu, kama nilivyoyasikia mbele ya watu. Nikasema ndiyo. Niliyasema katika kikao kilichofuata, mzee akiwa ameketi mstari wa mbele.

Ukikutana naye

Wakati mwingine hakuna nafasi ya kuuliza maswali, mnyama yuko mbele yako. Nyati wa kuogopwa zaidi ni dume mzee aliyejitenga na kundi. Usimfuate kichakani hata kama ameumizwa, na hasa kama ameumizwa. Gorila akikujia, usikimbie: chuchumaa, inamisha macho, rudi nyuma taratibu. Kiboko hutoka majini jioni kula nyasi, basi anayechota maji asisimame kati yake na mto. Anayechota mto Akagera akumbuke pia mamba, na abadilishe mahali pa kuchotea, kwa kuwa mamba husoma mazoea ya watu.

Kuhusu simba, ambao walitoweka Akagera baada ya mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2015 wakiwa saba, uzio wa upande wa magharibi wa hifadhi umesaidia sana. Kwa jirani wa Tanzania nitataja uchunguzi uliotangazwa mwaka 2011 juu ya mashambulizi ya simba nchini humo: mengi hutokea jioni, saa za kwanza za giza, katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Mbalamwezi humnyima simba mawindo, naye huingia katika siku za giza akiwa na njaa. Katika siku hizo, anayerudi kutoka shambani au kilabuni arudi mapema.

Wala mtu asijidai kuwazoea. Mwezi Juni mwaka 2017 Krisztián Gyöngyi, mtaalamu wa faru kutoka Hungary aliyewafundisha vijana wetu kufuatilia faru weusi waliokuwa wamerejeshwa Akagera mwezi uliotangulia, aliuawa na faru akiwa kazini. Alikuwa akiwajua kuliko sisi sote.

Ukimkuta mtoto wa mnyama peke yake, usimchukue nyumbani. Gorila Ndakasi, aliyekutwa Kongo mwaka 2007 akiwa na umri wa miezi miwili, ameung'ang'ania mwili wa mama yake aliyeuawa, alilelewa na walinzi wa Virunga kwa upendo usio na mfano, akafa mwaka 2021 mikononi mwa mlezi wake. Dunia nzima iliona picha zake. Lakini msituni hakurudi kamwe. Wapo wenye ujuzi na ruhusa ya kazi hiyo. Kazi yako ni kuwaita. Nchini Rwanda piga simu 112, na kwa hatari iliyo majini 110, wakati wowote, bila malipo.

Kwa vikao vya kijiji mwezi huu, viongozi wanaombwa kuwapa wananchi nafasi ya kujadili haya: Katika kijiji chetu, ni tukio gani la mnyama ambalo bado halijaelezwa, na ni nani anayebeba lawama yake? Ni mazao gani yaliyopandwa karibu zaidi na ukuta, uzio au mto? Na lile pengo ambalo kila mtu analijua, ni nani analipitia?